Kabla ya kufunga kaboni kwenye mabomba, kwangueni kutu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii nimejaribu kuifupisha nimeshindwa, mkiona imezidi mtakata wenyewe.

Kila ikizungumzwa habari ya mabomba ya mafuta yaliyozeeka naona watu wanagawanyika pande mbili. Kuna anayesema ling'olewe lijengwe jipya, huyo hajaulizia bei. Halafu kuna huyu wa siku hizi, kaona video kwenye simu, jamaa wamevaa ovaroli wanazungushia bomba kitambaa cheusi kama wanamfunga mtu hogo, dakika chache kazi imeisha, basi anasema si tufanye vile tu, kaboni faiba hiyo, mali ya kutengenezea ndege. Mimi nimefunga hicho kitambaa miaka 11 huko Oman, mikono yangu mpaka leo ikigusa gundi ya epoksi inatoka vipele, na nawaambia huyu wa pili hajakosea. Tatizo ni kwamba alichokiona ni mwisho wa kazi. Kazi yenyewe ilishafanyika kabla kamera haijawashwa.

Nenda kwa fundi baiskeli yeyote, pale Ngamiani au popote ulipo. Umepata pancha, anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji atafute mapovu. Akishapaona habandiki kiraka. Anachukua kile kibati alichokitoboatoboa kwa msumari, anakwangua mpaka mpira unabadilika rangi, anapuliza vumbi, anapaka solusheni halafu anakaa. Hapo kwenye kukaa ndo wateja tunapopiga kelele, we fundi mbona umetulia, naye anakujibu haijakauka hiyo. Kijana wa miaka 14 aliyejifunzia chini ya mwembe anajua kiraka kinashikwa na nini. Sasa mtu mwenye digrii anakuja kwenye bomba la mafuta anataka kubandika kitambaa juu ya rangi ya zamani.

Niwaeleze kidogo kinachotokea, maana nimegundua hata wahandisi wengine wanadhani ile ni plasta ya kuziba tundu. Bomba lenye presha linataka kuchanika kwa urefu wake, angalia soseji kwenye kikaango inavyopasuka, ni kwa sababu nguvu inayolitanua kwa kuzunguka ni mara mbili ya ile inayolivuta kwa urefu. Kutu ikishakula ukuta kwa nje, tuseme ulikuwa na milimita 8 zimebaki 4, hapo ndo panapotafuta kuachia. Zamani dawa zilikuwa mbili. Unazima bomba, unatoa mafuta, unafukuza gesi, unakata kipande na kulehemu kingine, siku zinakwenda na nchi inasubiri dizeli. Au unavisha juu yake chuma kilichokatwa nusu mbili unakichomelea wakati mafuta yanapita ndani. Hiyo ya pili nimesimama karibu nayo, na welda anayeifanya huwa asubuhi hiyo hasalimiani na watu, kwa sababu ukuta ukishakuwa mwembamba arki, ule moto wa kulehemu, inaweza kuutoboa, na upande wa pili wa milimita hizo kuna mafuta yenye presha.

Nyuzi za kaboni hazitaki moto, hapo ndo uzuri wake wote ulipo. Unazizungusha zikiwa zimelowa epoksi, zinakauka, zinakuwa ganda gumu ambalo kwa ujazo uleule lina uzito kama moja ya tano ya chuma, na bomba linaendelea kufanya kazi. Nyuzi zinalala kwa kuzunguka, upande ule ule ambao bomba linataka kutanukia, kwa hiyo likivimba kidogo tu zinalikamata. Na haya si majaribio, kuna viwango kabisa, ISO 24817 na ile ya Wamarekani ASME PCC-2, vimeandika hesabu ya tabaka ngapi kwa kutu ya kina gani.

Lakini sasa linakamatwaje kama kati ya chuma na ganda kuna uwazi? Kutu huwa inaacha mashimo. Usipoyajaza kwa fila ngumu ya epoksi ukayasawazisha, kitambaa kinapita juu kama shuka iliyotandikwa kwenye kitanda chenye chaga iliyovunjika, kwa juu kumenyooka, ukikaa unazama. Chuma chini kinaendelea kutanuka peke yake na kaboni yako ya bei mbaya ipo pale kama pambo. Halafu kaboni inapitisha umeme, watu hawalijui hili, ikigusana na chuma pakaingia maji ya chumvi umeshatengeneza betri na anayeliwa ni chuma, yaani dawa inageuka ugonjwa. Ndo maana tabaka la kwanza linalogusa bomba huwa la nyuzi za kioo, hii faiba ya kawaida ya kutengenezea boti, kaboni inakuja juu yake. Na presha inashushwa wakati wa kufunga, kwa sababu mzigo ambao chuma kilikuwa kimeubeba wakati unafunga kinabaki nao chenyewe, ganda linapokea ule utakaoongezeka tu. Fundi anayekufungia bomba likiwa kwenye presha ya juu kabisa halafu anakuambia limepona, muulize limepona nini.

Yote hayo yanasimama juu ya kitu kimoja, kusafisha. Unapuliza mchanga kwa kompresa mpaka chuma kinakuwa cheupe-kijivu, kwenye karatasi wanaita daraja Sa 2½, na uso wake uwe umekwaruzika, kidole kikipita kinasikia kama msasa. Huku kwetu pwani kabla ya kupuliza mchanga unaosha kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana hewa yenyewe ya Kigamboni au Tanga ina chumvi, ukipuliza juu ya chumvi unaishindilia kwenye vile vishimo, na baada ya saa mbili tatu chuma ulichokiacha kinang'aa kimeshageuka rangi ya chai.

Na umande. Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo nilipofundishwa adabu.

Tulikuwa Jiddat al Harasis, tambarare ya mawe katikati ya Oman. Mtu ukisikia jangwa unadhani hakuna maji, kumbe pale usiku unaingia ukungu kutoka baharini, asubuhi ukitoka nje ya kontena unakuta gari linachuruzika kama limeoshwa. Msimamizi wetu alikuwa Mwomani mzaliwa wa Unguja, mtu mzima, Kiswahili chake cha Malindi ya Mjini hasa, sote tulimwita Ami, hata Wahindi na Wafilipino walimwita Ami bila kujua maana yake. Ami alikuwa na leso nyeupe mfukoni. Ukimaliza kupuliza mchanga anakuja, haongei, anapitisha leso kwenye chuma anaiangalia juani. Ikiwa na doa, rudia. Halafu anabandika kipimajoto cha sumaku kwenye bomba, anatoa na kile kipimo cha umande, na sheria yake ilikuwa moja, chuma kiwe na joto kuzidi kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo unyevu wa hewani unaanza kugeuka maji, kwa digrii 3, ikipungua nusu tunakunywa chai mpaka jua lipande.

Wiki hiyo Ami kaenda kwao kwenye msiba. Tulikuwa na bomba la inchi 8, limechimbuliwa mchana, limesafishwa jioni, na injinia wa mkandarasi, simtaji wala kampuni siitaji, anataka presha irudi saa sita mchana. Asubuhi saa moja nikapima. Chuma digrii 19, umande 18. Nikamwambia. Akaniambia wewe angalia, bomba kavu hilo, unaona maji? Kweli sikuona maji. Nikafunga. Sisemi tulifunga, niliyefunga ni mimi, na kwa macho ilikuwa kazi nzuri sana, imenyooka, inang'aa, ukipima ugumu na kile kijipimio cha sindano inapita vizuri kabisa. Injinia akapiga picha.

Ami karudi siku ya pili. Akashuka shimoni na suruali yake ya msibani, akatoa sarafu ya baisa 50 akaanza kugonga taratibu kuzunguka ganda. Ti, ti, ti, ti. Alipofika chini kabisa ya bomba, ikalia tu, tu, tu. Mlio wa boga.

"Nani kaifunga hii?"

"Mie, Ami."

"Chuma ulikipima?"

"Nilikipima."

"Kilikwambia nini?"

Nikanyamaza.

"Haya mwanangu. Ivue."

Kufunga ilinichukua asubuhi moja. Kuivua ilituchukua siku tatu, patasi na nyundo ya shaba isiyotoa cheche, kipande kidogo kidogo kama unabandua tope lililokaukia kwenye kiatu, maana chini kuna chuma cha milimita chache na ndani kuna mafuta. Pale palipolia boga ganda lilitoka lenyewe kwa mkono, na chuma chini yake kilikuwa na utando mwembamba wa kutu rangi ya machungwa, ya siku mbili tu. Mahali pengine pote palipokuwa pamekauka kweli ilibidi tutoe jasho. Ndo nikajua gundi haikuwa na kosa wala kaboni haikuwa na kosa.

Sasa nije nyumbani. Niliporudi nikapata kibarua kwenye sehemu moja Dar, wana mabomba yao ya juu ya ardhi, si bomba la taifa, naomba nieleweke. Nikakuta mzabuni analipwa kwa mita ya kitambaa. Fikiria hilo. Analipwa kwa mita ya kitambaa, kwa hiyo kila saa anayokwangua ni hasara yake na kila saa anayozungusha ni faida. Nikauliza kompresa ya mchanga iko wapi, wakaniletea grainda na brashi ya waya. Brashi ya waya inang'arisha chuma, inakilainisha, wakati sisi tunataka kikwaruzike. Nikauliza kipimo cha umande, bosi akacheka, "Mzee, hiyo gundi tu hiyo, paka twende." Nikaaga. Masika ilipopita rafiki yangu aliyebaki akanitumia picha, kwenye ukingo wa ganda maji ya kutu yanachuruzika kama machozi. Na wakubwa walishasema kaboni faiba haifai hali ya hewa ya hapa!

Hii inanitia wasiwasi kwa sababu mabomba yetu yanafika umri. Bomba la mafuta la TAZAMA limeanza kazi 1968, kutoka Dar mpaka Ndola kilomita 1,710, Zambia ilikuwa inatafuta njia ya mafuta baada ya ile ya kupitia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kuwa shida, yaani bomba hilo linakaribia miaka 60, limepita miaka mingi likibeba mafuta ghafi na siku hizi linabeba dizeli. Dizeli ni nyepesi, inapenya pale ambapo mafuta mazito yangejikokota. Linaanzia Kigamboni kwenye chumvi, linapanda nyanda za juu kwenye mvua na udongo mwekundu, kila mahali kutu yake ni tofauti. Bomba la gesi la Songo Songo nalo lipo tangu 2004, si kuukuu lakini si kijana tena. Wenzetu Kenya, bomba lao la kwanza la Mombasa kwenda Nairobi lilianza 1978, na 2015 lilipovuja kule Thange, Makueni, mafuta yaliingia kwenye udongo na mto na watu wakaogopa maji ya visima vyao wenyewe. Baadaye jipya likaanza kazi. Sisi TAZAMA jipya la kilomita 1,710 haliji kesho, kwa hiyo viraka tutaweka tu tupende tusipende, swali ni viraka vya namna gani.

Pia tusiibebeshe kaboni mzigo usio wake. Moto wa Sinai kule Nairobi, Septemba 2011, waliokufa walizidi 100, ilivyoelezwa wakati ule ilikuwa gasketi ya valvu, petroli ikaingia kwenye mtaro mpaka chini ya nyumba za watu. Pale hakuna kitambaa ambacho kingesaidia. Wale jamaa wanaotoboa bomba usiku wakaweka koki zao za kuibia, tundu kama lile lataka chuma na welda aliyepumzika vizuri. Ufa nao usije ukaufunika kirahisi. Na kutu ya ndani ndo mtego mkubwa kuliko yote, kwa nje umefunga, pamependeza, ndani maji yaliyotulia chini ya mafuta yanaendelea kula, kila mwaka kidogo. Unaweza kufunga hata hapo, ila lazima hesabu ya tabaka ihesabu ukuta utakaobaki miaka ijayo, si ukuta wa leo, na lazima upige simu ya yule anayeweka dawa ya kuzuia kutu ndani ya mafuta. Kama hapatikani, usifunge.

Kuna jambo lingine dogo ambalo linasahaulika mpaka linakuja kuuma. Ile mashine inayopitishwa ndani ya bomba kupima kutu, sisi tunaiita pigi, inatumia sumaku, na kaboni haiioni. Itapita pale kwenye kiraka chako miaka mitano baadaye na kuripoti kutu ya asilimia 50, ofisi itashtuka, watachimba, watakuta kumbe pameshafungwa zamani na aliyefunga kastaafu na faili limepotea. Dawa yake ni ya bei ya soda, unaweka mkanda mwembamba wa chuma kila mwisho wa kiraka, pigi inauona, inajua hapa pana kitu. Nimefanya kazi sehemu mbili hapa nyumbani, zote mbili nilikuta mkanda huo umeandikwa kwenye mkataba na haupo kwenye bomba.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mabomba na kwa EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, ni kwenye namna ya kulipa. Mlipeni mkandarasi kwa chuma kilichosafishwa kikakaguliwa, mita za mraba, na mkaguzi awe wa kwenu, asiwe binamu wa mkandarasi. Kitambaa kije baadaye kama gharama ndogo, na kwa kweli ni ndogo ukilinganisha na kuchimba, kompresa na kusubiri umande. Halafu VETA, wale wa vyuo vya ufundi. Wanafundisha kulehemu vizuri, nimefanya kazi na vijana wao wawili kutoka Lindi na arki yao ni safi, sasa waongezeeni wiki sita za faiba, waanze na mafundi boti ambao tayari wanajua gundi inavyochanganywa. Fundi boti hahitaji kuambiwa kwamba ndoo nzima ya epoksi ukiichanganya saa saba mchana inachemka na kutoa moshi mkononi mwako kabla hujafika shimoni, anajua, imeshamuunguza. Leo tunasikia kila mara wataalamu wanakuja na ndege kutoka nje kufunga kitambaa, wakati nusu ya kazi ni kuosha chuma na kuangalia kipimajoto.

Na mimi nipo. Sitaki cheo, nipeni darasa, wale vijana, bomba bovu la urefu wa meta mbili na kompresa. Nauli nitajilipia mpaka Dar, chakula cha mchana mtanipa. Kipimo cha umande ninacho, Ami alinipa nilipokuwa naondoka, kinataka betri tu.

Wenu,
Fundi mstaafu,
Tanga